Jeronimo, Yusufu na Jiwe Lisilomtaja

Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Linataja mwaka 1635 na mtu mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa ngome. Linatuambia kwamba alikuwa na miaka 27 alipoipokea kazi, kwamba aliijenga upya ngome, kwamba aliwarudisha chini ya mfalme wake watu wa pwani waliokuwa wameasi, kwamba alibomoa kuta za Pate na Siyu na kuwaua wakubwa wa Pemba. Kisha linaorodhesha alicholipwa: cheo katika nyumba ya mfalme, joho la Shirika la Kristo, fedha za kila mwaka, na vyeo zaidi huko Sri Lanka. Kwa kifupi, ni CV iliyochongwa kwenye jiwe.

Mtu aliyesababisha kazi yote hiyo anatajwa kwa kupita tu, kama mfalme dhalimu. Kapteni ana jina, umri na mshahara, mfalme hana kimojawapo. Ukishalijua jina lake, jiwe linasomeka vingine, kwa sababu yeye naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoasi, na yeye naye alikuwa amevikwa joho lile lile la Shirika la Kristo.

Aliitwa Yusufu bin Hasan. Aliitwa pia Dom Jerónimo Chingulia.

Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, alitoka katika ukoo wa watawala wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu meli za kwanza. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliwahamishia watawala hao Mombasa, wakae kwenye kiti cha maadui zao wa zamani. Urafiki haukudumu. Hasan aligombana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mwanawe, mtoto wa miaka saba au minane, naye alipelekwa Goa. Kichwa cha baba na mtoto aliye hai vilivuka bahari ile ile kuelekea mji ule ule.

Huko Goa mtoto alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agustino. Alibatizwa, akasomeshwa, akatumikia katika jeshi la majini la Wareno, akaoa mwanamke Mkristo, akapokelewa katika Shirika la Kristo, udugu wa kivita wa Kireno ambao alama yake ni msalaba mwekundu. Mwaka 1626 alitawazwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Wareno walikuwa wamepata walichokitaka kwa miaka zaidi ya mia moja: mfalme Mswahili, Mkatoliki, mwenye damu halali ya kiti. Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mambo yalikuwa yameshageuka. Yusufu aliingia ngomeni na watu wake, kapteni Pedro Leitão de Gamboa akauawa, na Mombasa ikawa yake.

Wengi wetu tulikutana na Wareno katika historia ya sekondari, kwenye orodha: sababu za kuja kwao, athari za utawala wao, sababu za kuanguka kwao. Kwenye orodha ya tatu kuna nukta inayosema upinzani wa wenyeji. Yusufu yuko humo, ndani ya nukta. Nataka kumtoa humo, na njia ninayoipendekeza inaanzia mbali kidogo, kwa mtoto mwingine wa mfalme, aliyeishi miaka ile ile chini ya taji lile lile.

*

Kati ya mwaka 1580 na 1640 Ureno na Hispania zilikuwa na mfalme mmoja. Aliyetawala Yusufu alipopelekwa Goa alikuwa Felipe wa Tatu wa Hispania. Mwaka 1619 Felipe huyo huyo alimwombea mwanawe mdogo, Fernando, wadhifa katika Kanisa. Papa Paulo wa Tano alimfanya kardinali, na baada ya muda mfupi mtoto akakabidhiwa jimbo kuu la Toledo, tajiri kuliko majimbo yote ya Hispania. Fernando alikuwa na miaka 10. Yusufu, huko Goa, alikuwa amemzidi kwa miaka miwili au mitatu.

Sheria ya Kanisa haikuwa na fumbo. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, ulikuwa umeshasema askofu awe ametimiza miaka 30. Lakini sheria ilikuwa na mlango wa ruhusa maalumu, na kwa watoto wa wakubwa mlango huo ulikuwa mpana. Sababu zilikuwa za nyumbani kabisa. Mtoto wa kwanza hurithi taji. Wanaofuata wakipewa ardhi, ufalme unagawanyika. Wakiachwa bila kitu, wanakuwa hatari. Kanisa lilikuwa na mashamba, zaka na kodi. Ukimweka mtoto wako juu ya mali hiyo, umempa riziki bila kukata shamba la kaka yake, na mapato ya Kanisa yamebaki ukooni. Kazi yenyewe ya kiaskofu hufanywa na wengine.

Ndivyo Giovanni de' Medici wa Florence alivyoteuliwa kardinali mwaka 1489 akiwa na miaka 13. Mwaka 1513 akawa Papa Leo wa Kumi. Na ni Papa huyu, mtoto wa zamani wa ruhusa maalumu, aliyempa uaskofu mwaka 1518 kijana wa Kiafrika aliyekuwa bado hajafikia umri: Henrique, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo. Henrique alipewa jimbo la Utica, mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini uliokuwa umebaki magofu. Tofauti ya vyeo hivi inasema mengi. Mtoto wa Florence na mtoto wa Madrid walipewa mapato, na mtoto wa Kongo alipewa jina la mji usiokuwepo.

Kwa hiyo Yusufu hakuwa ajabu ya pwani yetu. Alikuwa tawi la desturi ndefu ya kuwavisha watoto wa wafalme mavazi ya dini kwa faida ya watu wazima. Linganisha lakini yeye na Fernando walichotakiwa kufanya ndani ya mavazi hayo.

Hakuna aliyemtaka Fernando athibitishe kwamba anaamini. Imani yake ilichukuliwa kuwa imo ndani ya damu, kama cheo chake. Hakupata kamwe daraja la upadre. Alipenda farasi na vita, na alipokua aliruhusiwa kuvipenda. Mwaka 1634 aliongoza jeshi kwenye ushindi wa Nördlingen, Ujerumani, kisha akatawala Uholanzi ya Kihispania mpaka alipokufa Brussels mwaka 1641, akiwa bado kardinali. Velázquez alimchora miaka hiyo ya 1630. Picha iko katika jumba la Prado, Madrid: kijana mwembamba amesimama nje, nyuma yake milima, mwilini mavazi ya kuwinda, mikononi bunduki ndefu, na mbwa kando yake. Kofia nyekundu haimo, wala msalaba. Asiyeambiwa hawezi kujua kwamba anamtazama Askofu Mkuu wa Toledo. Ni picha ya mtu aliyelivua joho bila kulazimika kulivua. Kaliacha nyumbani, na nyumba yote imeelewa.

Karne moja baadaye ukoo mwingine wa kifalme wa Hispania ulirudia jambo hilo kwa mtoto wa miaka minane, Luis, aliyefanywa kardinali mwaka 1735. Alipokua aliona hawezi, mwaka 1754 akajiuzulu, baadaye akaoa. Goya alimchora mwaka 1784, mzee mezani na karata zake, mkewe akitengenezwa nywele mbele yake, watoto na watumishi wamewazunguka. Alipotaka kutoka, aliandika barua.

Yusufu hakuwa na barua ya kuandika. Yeye alipewa joho kama mtihani usio na mwisho. Ufalme wake ulisimama juu ya Ukristo wake, na Ukristo wake ulisimama juu ya macho ya kapteni aliyeishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Alitazamwa anakula nini, anakaa na nani, anaswali wapi. Hapa ndipo ninapoiona hoja yote ya kisa hiki. Tunapohukumu vijana waliovishwa vyeo tusiishie kuuliza walivaa nini, au kama walistahili. Tuulize nani kati yao aliruhusiwa kuvua.

*

Kitabu cha kusoma juu ya mwaka 1631 ni cha G.S.P. Freeman-Grenville, kilichotoka mwaka 1980, ambacho jina lake linataja uasi wa Mombasa dhidi ya Wareno kwa mujibu wa ushahidi wa viapo. Ushahidi wenyewe ulikusanywa Goa mwaka 1632. Kanisa lilitaka kujua kama waliokufa Mombasa walikuwa mashahidi wa dini, na kwa hilo kulikuwa na swali moja lililotawala: waliuawa kwa chuki dhidi ya imani, au kwa sababu nyingine?

Ubora wa kitabu hiki ni kwamba kinatupa hati zenyewe, si muhtasari wake. Udhaifu wa hati ni ule wa baraza lolote linalouliza swali moja. Shahidi anayeulizwa kuhusu imani anajibu kuhusu imani. Kodi, dharau za makapteni, biashara waliyoibana, baba aliyeuawa: mambo hayo hayakuwa yakitafutwa, kwa hiyo yanasimama pembeni kama watu waliokuja msibani bila kujulikana. Na mtu ambaye kila shahidi anamzungumzia hakuitwa. Asingeweza kuitwa. Yusufu ni mtu tunayemjua kupitia vinywa vya waliomkimbia.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Wareno wenyewe walilihifadhi, nalo linapenya pale ambapo hoja zao hazikukusudia. Inasimuliwa kwamba Yusufu alionekana kwenye kaburi la baba yake, akimwombea kwa namna ya Kiislamu, na kwamba habari ilifikishwa kwa kapteni. Akapata kujua kwamba anaandaliwa safari ya kurudishwa Goa, kwenye Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyohukumu waliorudi nyuma katika imani. Msimulizi wa Kireno aliliweka kaburi hilo kama kielelezo cha unafiki: tazameni, alikuwa Mwislamu muda wote.

Mimi nalisoma kaburi hilo kama mahali pekee katika kisa chote ambapo kijana huyu yuko peke yake. Baba aliuawa na watu waliolipwa na waajiri wa kapteni. Walimu wake walikuwa wageni wa bandari iliyopokea kichwa cha baba huyo. Kwa miaka zaidi ya kumi alifundishwa sala kwa lugha ya nyumba hiyo. Anarudi Mombasa, mtu mzima, mwenye taji, na jambo analolifanya kwa kujificha ni kumwombea baba yake kwa maneno ambayo baba angeyaelewa. Labda alikuwa anaamini dini ya baba. Labda alikuwa mtoto tu. Mahakama haikuwa na sanduku la kuweka jibu la pili, na kwa bahati mbaya wasomaji wengi wa baadaye hawakuwa nalo pia.

Maana kuna usomaji wa pili, wa upande wetu, ambao umeligeuza jiwe la Fort Jesus kichwa chini na kuliacha lilivyo. Katika usomaji huo Yusufu ni shujaa wa mapema wa uhuru; Ukristo wake ulikuwa kinyago, na mwaka 1631 alikivua. Nauelewa mvuto wake. Lakini usomaji huo unakubaliana na mahakama ya Goa katika jambo la msingi, kwamba Jeronimo alikuwa uongo na Yusufu ndiye kweli. Unatofautiana nayo tu kuhusu kama tushangilie.

Tena unatulazimisha kuwasahau waliokufa. Ngomeni na mjini waliuawa watu zaidi ya mia moja, wakiwemo wanawake na watoto, na si wote walitoka Ureno. Walikuwemo watu wa pwani hii waliobatizwa kama mfalme wao, walioambiwa wachague, na waliochagua kubaki na ubatizo wao. Kama Yusufu alilazimishwa kuthibitisha imani yake mbele ya macho ya watu, basi siku ile aliwafanyia wengine jambo lile lile, kwa upanga. Tahakiki isiyowataja watu hao itakuwa jiwe jingine.

*

Nimekisoma kisa hiki Karatu, mbali na bahari, na ni Karatu iliyonipa njia ya kukisoma. Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote hapa. Jina la kwanza ni la ubatizo, la Kilatini au la Kiebrania au la Kiingereza. Jina la ukoo ni Tluway, Akonaay, Sulle, Massay, Bura. Mtu ni Paskali kanisani, na nyumbani bibi anamwita kwa jina la Kiiraqw alilompa siku ya kuzaliwa, na hakuna anayedhani kwamba mmoja kati ya hao wawili ni mpelelezi. Wanahistoria wengi wanapofika Agosti 1631 hubadilisha jina katikati ya ukurasa: Jeronimo anatoka, Yusufu anaingia. Kwa msomaji wa huku ukurasa huo unashangaza. Yule mtu hakuzaliwa upya siku hiyo. Alikuwa na majina mawili toka utoto, na jambo lililomwangamiza ni kutawaliwa na watu walioamini kwamba majina mawili ni lazima yawe na mshindi.

Panda sasa kutoka Karatu, pita lango la Lodoare, fika kwa Wamaasai wa Ngorongoro, na utakuta desturi nyingine ya kumvika kijana wadhifa mzito. Katika sherehe ya eunoto, rika la morani linapovuka kuelekea utu uzima, huchaguliwa kijana mmoja awe olotuno, kiongozi wa kiibada wa rika lake. Hachaguliwi kwa kuomba. Hatakiwi kuambiwa mapema, kwa hofu kwamba atakimbia, kwa sababu wadhifa huo hujulikana kuwa na uzito: anayeubeba anadhaniwa kubeba pia mikosi ya wenzake. Heshima yake ni kubwa na hakuna anayeionea wivu.

Sisemi kwamba wadhifa huo ni mwema na ule wa Goa ni mbaya. Kijana aliyekamatwa sherehe zikiendelea hakuulizwa kama anataka, kama ambavyo Yusufu hakuulizwa. Ninachokiona ni tofauti ya maelezo. Jamii inayomchagua olotuno inakiri waziwazi kwamba inamtwisha mzigo, na kwamba mzigo ni wa wote ingawa mabega ni ya mmoja. Watawa wa Goa na makapteni wa Mombasa waliuita mzigo huo zawadi. Na aliyepewa zawadi anadaiwa shukrani. Akichoka huitwa msaliti, maana lugha ya zawadi haina neno la kuchoka.

Lugha hiyo haikuondoka na Wareno. Mwaka 1897 Waingereza walimweka Daudi Chwa kwenye kiti cha Buganda akiwa na mwaka mmoja, na viongozi watatu Wakristo, wawili Waprotestanti na mmoja Mkatoliki, wakatawala kwa niaba yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilifungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, ili watawala wa kesho walelewe na watawala wa leo. Na sisi tuliopita bweni za misheni na za serikali, tukatunukiwa majina, lugha na vyeti, tunaifahamu sauti ile inayotukumbusha kwamba tulipewa. Wengi wetu tunashukuru kwa dhati. Nami pia. Lakini shukrani inayodaiwa kila siku mbele ya kapteni hugeuka kodi, na pwani hii inajua kodi hufika wapi.

*

Yusufu hakuimiliki Mombasa hata mwaka mzima. Meli za kutoka Goa zilimzingira mapema mwaka 1632 na zikashindwa, lakini aliona kwamba zitarudi. Aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akachukua merikebu, akaondoka. Aliishi baharini miaka kadhaa, akiwashambulia Wareno kwa ufundi wa bahari ambao wao wenyewe walimfundisha, na akafa Jiddah mnamo mwaka 1638. Fernando alikuwa hai bado, Brussels, kardinali mwenye jeshi.

Ngome aliyoibomoa ndiyo ambayo Cabreira aliijenga upya na kuisifia kwenye lile jiwe. Kijana mmoja aliuasi msalaba mwekundu, na kijana mwingine, wa umri unaokaribiana naye, alikuwa nao kifuani alipokuwa akifuta alama za wa kwanza. Yote mawili yamo katika maandishi yale, moja kwa herufi na jingine kwa nafasi iliyoachwa. Ukifika Mombasa, simama kidogo chini ya lango kabla hujanunua tiketi. Soma jina la kapteni, kisha tamka pale majina mawili yanayokosekana, na usichague kati yao.